Vigelegele vya Kapsoya

Zipu ya gauni ilikuwa mgongoni, na hiyo ndiyo iliyomlazimu Tryphosa kumwita mumewe.

"Thuo! Hebu kuja unisaidie kidogo."

Alikuja. Alisimama nyuma yake mbele ya kioo cha kabati, mrefu, mtulivu, koti la Jumapili limemkaa vizuri mabegani. Tryphosa akayatafuta macho yake ndani ya kioo kile na hakuyapata. Thuo alikuwa akiangalia dirisha. Alishika zipu kwa ncha za vidole, kama mtu anayegeuza chapati kwenye kikaango cha moto, akaivuta juu bila kugusa ngozi, kisha akarudi nyuma.

"Imeingia," alisema. "Nakungoja kwa gari."

"Nimependeza?"

"Umependeza." Tayari alikuwa mlangoni.

Tryphosa alibaki akijitazama. Gauni alilishona mwenyewe, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kushona mapazia ya watu, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima alikuwa na kiuno cha kushonea. Miezi kumi iliyopita madaktari walikuwa wamempasua na kuupunguza mfuko wa chakula hadi ukabaki mdogo kama yai. Hakufanya hivyo kwa ajili ya urembo. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, presha ikipanda, sukari ikimchezea, na daktari wake, Jerop, akamwambia peupe kwamba uzito ule ungeendelea kumnyima mtoto, au mtoto angekuja na kumnyima yeye uhai.

Sasa uzito ulikuwa umeshuka na presha imetulia. Ila ngozi haikuwa na habari kwamba mwenyewe amepungua. Ilining'inia tumboni, ikalegea mikononi, na kila alipotaka kuvua nguo Tryphosa alizima taa kwanza.

Tangu upasuaji walikuwa wamekaribiana mara moja tu, jioni moja ya Pasaka, mvua ikipiga mabati ya mtaa wao wote wa Kimumu, wakacheka kama wachumba. Kesho yake Thuo alibeba mto wake na kuhamia chumba cha wageni. Mgongo, alisema. Godoro la huko ni gumu, lingemfaa mgongo.

Jioni ile ya Pasaka taa ilikuwa inawaka. Tryphosa hakuacha kulifikiria jambo hilo.

*

Kwa mama mkwe wake, huko Kapsoya, hema lilikuwa limesimamishwa uani. Cate, dada mdogo wa Thuo, alikuwa amembatizisha mtoto wake wa kwanza asubuhi hiyo, na wamama wa kanisa walikuwa wamejaa mpaka jikoni. Kulikuwa na pilau, mukimo na mbuzi wa kuchoma. Tryphosa aliweka vijiko vichache kwenye sahani, akala polepole, akitafuna kila tonge kama alivyofundishwa.

"Huyo ndiye mke wa Thuo?" alisikia mtu akinong'ona. "Amekonda aje hivyo? Ako sawa kweli?"

Aliinama akajifanya anatengeneza viatu vya mtoto wa Cate, aliyekuwa amewekwa mapajani pake. Mtoto alikuwa mzito na mwenye joto, akinukia maziwa. Alimshika Tryphosa kidole kimoja akakataa kukiachilia. Tryphosa akamwachia kidole hicho. Akainua macho kumtafuta Thuo, akamwona amesimama kando ya hema akiwaangalia wote wawili, yeye na mtoto. Alipogundua ameonekana, akageuka upande mwingine.

Ndipo keki ilipokatwa. Muthoni, mama mkwe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alizunguka na sahani akiwalisha watu kwa mkono wake. Alipofika kwa Tryphosa alisimama.

"Sasa huyu ni msichana wangu," aliwaambia wageni. "Fungua mdomo, mwanangu."

"Mama, kidogo tu tafadhali. Sukari inanisumbua."

"Utakataa keki ya ubatizo? Mbele ya watu wangu wote?"

Wamama wakacheka. Tryphosa akafungua mdomo. Kilikuwa kipande kikubwa, sukari nyeupe imekigandia juu, na kabla hajamaliza kutafuna, kingine kikafuata, kisha glasi ya soda ya kukiteremshia. Alimeza. Angefanya nini?

Haikuchukua muda. Kwanza moyo ulianza kwenda mbio, halafu jasho likamtoka usoni na kifuani, halafu tumbo likajisokota kama nguo inayokamuliwa. Alimrudishia Cate mtoto, akanyanyuka, akakimbilia nyuma ya jikoni, akashika tangi la maji kwa mikono miwili na kutapika.

Mama mmoja wa kanisa aliyekuwa akisuuza vikombe alimwona. Vikombe vikaanguka kwenye beseni.

"Mama Thuo! Mama Thuo, njoo uone! Huyu hatapiki bure!"

Kigelegele cha kwanza kilitoka hapo hapo, kikajibiwa na cha pili kutoka jikoni, cha tatu kutoka hemani, na kabla Tryphosa hajajifuta mdomo, ua mzima ulikuwa unalia kwa furaha. Muthoni alikuja mbio, akamkumbatia, akambana kifuani, machozi yakimtiririka.

"Asante Yesu! Asante Yesu! Nilijua. Nilijua tu!"

Tryphosa, akiwa amebanwa vile, alimwona mumewe juu ya bega la mama mkwe. Thuo alikuwa amefika kwenye kona ya jikoni. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Macho yake, yale macho ambayo Tryphosa aliyatafuta asubuhi nzima, sasa yalimwangalia wazi. Hayakuwa na furaha hata chembe. Ulikuwa uso wa mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Mama," Tryphosa alisema kwa sauti ndogo. "Mama, si mimba. Ni keki."

"Ati nini?"

"Ni keki. Tangu nipasuliwe, mwili wangu haushiki sukari nyingi. Nilikwambia."

Vigelegele vilikufa kimoja kimoja. Muthoni alimwachilia. Aibu ilimpanda usoni, na aibu ikageuka maneno, kama inavyokuwa kwa watu wengi.

"Hiyo upasuaji mlisema ni ya kutafuta mtoto. Haya, mwaka unaisha. Mtoto yuko wapi?"

"Daktari alisema tungoje mwili utulie kwanza, Mama. Mwaka mmoja, ama mmoja na nusu."

"Mimi nilizaa bila kungoja daktari yeyote. Na hata huko kungoja, mtangoja nini mkilala vyumba viwili? Ama mnafikiri siku ile nilikuja kwenu sikuona blanketi?"

Mtu alikohoa. Cate akasema, "Mum, please." Tryphosa alimwangalia mumewe. Sentensi moja tu ingetosha, hata iwe mbaya. Thuo akasema, "Nitaleta gari."

*

Mvua ya mawe iliwakuta kabla hawajafika mjini. Ilipiga paa la pikapu kwa kishindo kikubwa hivi kwamba Thuo alilazimika kuegesha kando ya barabara. Wakakaa. Vioo vikaingia ukungu.

"Niliona uso wako," Tryphosa alisema.

"Uso gani?"

"Wakati wanapiga vigelegele. Kila mtu alifurahi. Hata mtoto wa Cate alifurahi. Wewe ulikaa kama mtu ameambiwa nyumba yake inaungua."

Thuo alishika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Ni hii mwili, sivyo? Sema tu. Nimekomaa, nitavumilia."

"Tryphosa, wacha."

"Ulinioa nikiwa mnene, ukaniita malkia mbele ya ndugu zangu wote. Sasa unanifunga zipu ukiangalia nje. Pasaka uliniona na taa ikiwaka, na kesho yake ukabeba mto. Mgongo! Umebeba magunia ya mbolea hapo kwa duka yako miaka yote hii, hiyo mgongo ikaanza kuuma siku hiyo?"

"Si hivyo."

"Basi ni vipi?"

Alimwona akihangaika. Alitaka kumshika mkono, akataka pia kumpiga, na alijichukia kwa kuyataka yote mawili pamoja.

"Siwezi kuongea hii maneno saa hii," Thuo alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza.

"Hutaki mtoto na mimi."

Mawe yalidunda juu ya boneti na kuyeyuka. Alisubiri akatae. Hakukataa.

"Basi nipeleke Langas kwa dada yangu."

Akampeleka. Kati ya yote yaliyotokea siku ile, hilo ndilo lililomuuma zaidi: kwamba aliwasha gari na kumpeleka.

*

Brigid, dada yake mkubwa, aliuza omena sokoni na hakuwa mtu wa kuzungukazunguka na maneno. Alimlaza Tryphosa kwenye kitanda chake, akampikia uji mwepesi wa wimbi, akamwachia usiku mmoja wa kulia. Asubuhi akaanza.

"Mwanaume akinyamaza hivyo ako na mwingine. Mimi nakwambia."

"Thuo hana mwingine, dada."

"Unajuaje? Na mimi nilisema tangu mwanzo, utakwenda kuolewa mbali na watu wetu, siku ya shida utalia peke yako. Mzee akisikia vile mama yake amekuaibisha, atasema urudi Webuye."

"Usimwambie Mzee."

"Mbona?"

Tryphosa alikuwa amekaa mlangoni akiangalia watu wakiruka madimbwi, na kila pikapu nyeupe iliyopita ilimfanya asimame. Alimkasirikia Thuo. Alimtamani pia: jinsi alivyoimba vibaya akinyoa ndevu, jinsi alivyokuwa akimvutia blanketi shingoni, zamani, walipokuwa bado wanalala chumba kimoja.

Katikati ya wiki, baada ya saa ya chakula cha mchana, alikuja. Hakuja na gari. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, matope yamemfika kwenye pindo za suruali, akasimama nje ya mlango kama mgeni.

"Hodi."

Brigid alitoka kwanza na mwiko mkononi. "Shem, umekuja kumchukua ama umekuja kuonekana?"

"Nimekuja kuongea na yeye, dada. Akikataa nitaenda."

Brigid alimpima kwa macho kutoka juu mpaka kwenye viatu, akamwonyesha stuli, kisha akajiondoa nyuma ya pazia lililogawa chumba. Hakuenda mbali. Mtu hangeweza kwenda mbali katika nyumba ile.

Tryphosa hakuketi.

"Nimetoka kwa Daktari Jerop," Thuo alisema.

"Umegonjeka?"

"Hapana. Nilienda kumuuliza kama nimekuua."

Tryphosa alimkodolea macho. Thuo alikuwa ameyatazama matope ya viatu vyake, na alipoanza kusema, maneno yalimtoka polepole, kama mtu anayeshusha mizigo mizito mmoja mmoja.

"Siku ile ulitolewa hospitali, unakumbuka Daktari alisema nini? Alisema ukipunguza uzito mimba inaweza kuingia haraka kuliko zamani, lakini ikiingia mapema itakuta mwili hauna akiba. Akasema dawa za kumeza za kuzuia mimba usizitegemee, uende uwekwe kijiti kwa mkono. Ukasema utaenda."

"Thuo..."

"Hukuenda. Nilijua. Nilikuwa naangalia huo mkono wako kila siku. Hakuna bandeji, hakuna alama. Unasema sikuangalii. Mimi nakuangalia wakati hunioni."

Tryphosa aliushika mkono wake wa kushoto bila kujua.

"Halafu Pasaka ikaja. Nilisahau kila kitu, Tryphosa. Nilifurahi tu. Asubuhi nikaamka nikafikiria, nimefanya nini? Nikahama. Nilijua nikibaki hapo karibu yako nitasahau tena. Na tangu siku hiyo nimekuwa nangoja uniambie kama iliingia ama haikuingia. Sikuwa naweza kuuliza. Niliogopa jibu. Halafu Jumapili nasikia vigelegele, naona umeshika tangi unatapika..." Alipitisha kiganja usoni. "Nilifikiria, ndiyo hii sasa. Nimemzika."

"Lakini kwa nini hukusema? Hata kwa gari, nilikuuliza!"

"Kwa sababu kuna ingine. Siku walikurudisha thieta, wakati damu ilianza kuvuja ndani. Nesi alinipa pete yako kwa kamfuko ka plastiki. Nikakaa kwa korido nikiishika. Nikamwambia Mungu, sitaki mtoto. Sitawahi kukuomba mtoto tena. Nirudishie huyu tu." Sasa alikuwa akilia waziwazi, mwanamume mzima, magoti yamefika karibu na kidevu juu ya ile stuli fupi. "Akakurudisha. Sasa ningekuambia aje? Wewe unayeangalia watoto wa watu mpaka unasahau kupumua. Ulivyosema sitaki mtoto na wewe, nilishindwa kukataa. Nilikuwa nimeapa."

Tryphosa aliketi kwenye ukingo wa kitanda, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Sikuenda kuwekwa kijiti," alisema, "kwa sababu nilitaka itokee tu. Kwa bahati. Nilifikiri ikishatokea hakuna mtu ataniambia ningoje. Si daktari, si mama yako."

"Ungekufa."

"Sikufikiria kufa. Nilifikiria mtoto."

Thuo alitikisa kichwa, si kwa hasira.

"Na haikuingia," Tryphosa aliendelea. "Nilipata siku zangu baada ya Pasaka. Nililia bafuni nikafungulia maji usisikie."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa kwa chumba kile kingine."

Walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa majuma mengi, na Tryphosa aliona jinsi alivyochoka, jinsi weusi ulivyomkaa chini ya macho. Akauliza lile lililokuwa limebaki, na sauti yake ikawa ndogo kuliko alivyotaka.

"Na ngozi?"

"Ngozi gani?"

"Hii, Thuo. Hii imelegea kila mahali. Usinidanganye."

Alimwangalia kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa habari ya nchi asiyowahi kuisikia. Kisha akaushika mkono wake, juu kidogo ya kiwiko, pale pale alipopaonea haya kuliko kote, na hakuushika kwa ncha za vidole.

"Mimi nikiona hii, naona mtu alitoka thieta akiwa hai," alisema. "Nitaichukia aje?"

Tryphosa aliinamisha paji la uso likagusa la kwake.

"Ulimwomba Mungu nirudi. Nimerudi," alimwambia. "Hakukuambia umlipe na mtoto wetu. Hiyo bei uliitaja wewe."

Nyuma ya pazia Brigid alipenga kamasi kwa nguvu. "Vumbi," alisema, ingawa mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. "Shem, utakula ugali ama?"

*

Safari hii walienda kliniki pamoja. Daktari Jerop aliwaketisha bega kwa bega, akawasha kompyuta na kusoma matokeo ya damu bila haraka.

"Madini ya chuma iko chini. Vitamini B12 pia. Na uzito bado unashuka, haujasimama," alisema. "Ungeshika mimba leo, mtoto angechukua kutoka kwa akiba ambayo huna. Angeweza kuzaliwa mdogo sana, na wewe ungeishiwa damu. Kwa hivyo tunangoja. Si adhabu. Tunajenga nyumba kabla mgeni hajafika."

"Mpaka lini, Daktari?"

"Mpaka uzito utulie na damu iwe nzuri. Leo nakuweka kijiti. Mayai, maharagwe, samaki, ule kwanza hizo kabla ya kitu kingine chochote kwa sahani. Vitamini nitakazokuandikia, hizo hizo, usinunue zingine kwa duka, kwa sababu kuna aina ya vitamini A inayodhuru mtoto tumboni. Foliki asidi utaanza kabla hatujatoa kijiti. Dawa yako ya presha tutaibadilisha mapema. Na ukishabeba, mtu yeyote akikupa ile maji ya sukari ya kupimia kisukari, mwambie umepasuliwa tumbo, akupime kwa njia ingine. Umeona keki ilikufanya nini."

Tryphosa alicheka kidogo. Thuo hakucheka. Alikuwa ameegemea mbele.

"Daktari, akibeba wakati huo, atakuwa salama?"

Daktari Jerop alivua miwani. "Sitakuahidi, hakuna daktari anaweza. Lakini presha yake imeshuka, sukari imeshuka. Mimba ya haraka ndiyo ulikuwa unaogopa, na ulikuwa na haki. Mimba ya kupangwa ni kitu kingine. Tutamwona mara nyingi kuliko wamama wengine, na wewe utakuja naye."

"Nitakuja," Thuo alisema.

Wakati kijiti kinawekwa, alimshika mkono ule mwingine na kufumba macho yeye, si Tryphosa.

Kutoka hapo hakuendesha gari kuelekea nyumbani. Aliliendesha hadi Kapsoya. Muthoni alikuwa uani akitoa minji kwenye maganda, na alipowaona alianza kusimama, uso umejaa maneno, lakini Thuo akatangulia.

"Mama, kuanzia leo ukitaka kuuliza habari ya mtoto, niulize mimi. Usimuulize Tryphosa. Na usimuulize mbele ya watu."

Kisha akamweleza yote: thieta, damu, pete kwenye mfuko wa plastiki. Yote waliyomficha mwaka uliopita ili asipate presha. Muthoni alisikiliza, mikono imekufa ndani ya ungo.

"Mlikuwa mnanificha mimi hiyo?" aliuliza mwishowe, sauti ya kwaya imempotea kabisa.

Akausukuma ungo kando.

"Kati yako na Cate," alimwambia mwanawe, "kulikuwa na wengine. Hawakukaa. Nilikuwa nabeba huyu, anatoka, nabeba mwingine, kwa sababu cucu yako, mama mkwe wangu, alikuwa ananiangalia tumbo kila asubuhi nikienda kukama. Nilikuwa nimechoka mpaka nywele zinatoka. Hakuna mtu aliniambia nipumzike." Alimgeukia Tryphosa, akamtazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. "Na mimi nimekufanyia hivyo hivyo."

"Yameisha, Mama."

"Hayajaisha. Kaa hapo."

Aliingia jikoni, akatoka na kibakuli kidogo, kile cha kulishia mtoto wa Cate, ndani yake yai moja la kuchemsha lililokatwa na minji kidogo. Akakiweka mapajani mwa Tryphosa, akaketi kando yake.

"Kula polepole," alisema. "Mimi nitangoja."

*

Na wakangoja. Thuo alirudisha mto wake. Jioni zao zikawa ndefu na zenye kicheko, na taa, baada ya siku kadhaa za kuoneana haya, ikaachwa ikiwaka. Kulikuwa na miezi migumu: wakati chuma kilipokataa kupanda, Tryphosa akatundikiwa dripu, na wakati Cate alipobeba tena na kuogopa kuwaambia. Jioni walipojua, Tryphosa alilia, na Thuo hakumwambia anyamaze.

Mwaka uliofuata, msimu wa kiangazi, wakulima wakianza kuulizia mbegu dukani kwa Thuo, Daktari Jerop aliyaangalia matokeo ya damu, akayarudia, kisha akatabasamu.

"Uzito umesimama tangu mwaka jana. Damu ni nzuri. Mkitaka, leo natoa kijiti."

Walitaka. Haikuchukua muda. Tryphosa alitoka na plasta ndogo mkononi, akamkuta Thuo kwenye benchi la korido, ameinama, mikono katikati ya magoti. Aliketi kando yake. Wagonjwa walipita na karatasi zao. Kwa dirisha lililokuwa wazi ilisikika pikipiki ikiwaka, ikazimika, ikawaka tena.

"Naogopa," Thuo alisema.

"Mimi pia."

Aliinua kichwa akamwangalia, macho ndani ya macho. Tryphosa akasimama na kumnyooshea mkono.

"Basi twende nyumbani," alisema, "tukaogope pamoja."